Behewa la Sifuri

Siku mwalimu mkuu alipoingia darasa la tano bila hodi, treni ilikuwa imeshika kasi. Safu nzima ya dirishani ilikuwa imejipanga mbele ya ubao, watoto sita mmoja nyuma ya mwingine, na chaki ikipita mkono kwa mkono kama kaa la moto. Wa kwanza alizidisha mamoja kwa mamoja, akaandika tarakimu yake, akanyoosha mkono nyuma bila kugeuka. Wa pili akaipokea chaki, akaandika yake. Wa tatu akaweka sifuri ya mstari wa pili. Na kila tarakimu ilipokaa mahali pake, darasa lote lilipiga honi: "Puuu!"

"Mwalimu," alisema mwalimu mkuu, "hapa ni shule au stesheni?"

Watoto walicheka, kisha wakauona uso wake wakaacha. Nyuma ya mgongo wake walimwita Kengele, na walimu nao walimwita hivyo hivyo, ingawa kwa sababu nyingine: alikuwa halii mpaka agongwe na wakubwa wake.

"Ni kuzidisha, mwalimu mkuu. Tarakimu mbili kwa tarakimu mbili. Walikuwa wanaogopa, sasa wanagombania."

"Mnachozidisha hapa ni kelele." Alishusha sauti, lakini si kiasi cha watoto kutosikia. "Mkaguzi anakuja mwisho wa muhula. Mkataba wako nao unaisha mwisho wa muhula. Hesabu hiyo sidhani kama nahitaji kukufundisha."

Akatoka na kuuacha mlango wazi. Mwalimu alibaki na chaki mkononi, masikio yakimwaka moto mbele ya watoto wa watu, na mbele ya mtoto wake mwenyewe aliyekaa dawati la tatu akiutazama mlango ule kama mtu anayemtazama mbwa aliyembwekea mama yake.

Ule ulikuwa mkataba wake wa tatu, na kila mmoja ulikuja na ahadi kwamba unaofuata utakuwa ajira ya kudumu. Wakati wa mapumziko chai ya ofisini iliwekwa kwa walimu walioajiriwa. Wale wa mkataba walisubiri waone kama itabaki. Ikibaki walikunywa wamesimama. Hakuna aliyewahi kuandika sheria hiyo popote, na hakuna aliyewahi kuisahau. Mkaguzi akimwandikia vizuri safari hii, angeajiriwa. Akimwandikia vibaya, angerudi nyumbani, na nyumbani hapakuwa na mwingine wa kuleta kitu.

*

Mumewe alikuwa fundi wa makochi. Tangu kabati la mteja mmoja limlalie mgongoni, alikuwa hawezi kuinama juu ya kochi hata nusu ya asubuhi. Kilichobaki kwenye karakana yao, ambayo pia ndiyo ilikuwa sebule, ni mabaki ya sponji, vipande vya ngozi bandia na maboksi. Jioni hiyo alikuwa ameketi akikata maboksi yale kofia za karatasi, kila moja na namba yake mbele: behewa la kwanza, la pili, mpaka la sita.

"Amesema stesheni?" aliuliza.

"Mbele ya watoto."

"Basi mwambie stesheni haina chai ya kubagua." Akajicheka mwenyewe, kisha akashika kiuno.

Mama mkwe alikuwa upande wa mlango akichambua mboga. Aliyasikia yote, maana hakuna alichokosa kukisikia nyumba ile isipokuwa akiitwa.

"Mkwe wangu, siku hizi huko shuleni mnalipwa kwa kucheza?"

"Wanaelewa haraka zaidi wakicheza, mama."

"Sisi tulielewa kwa fimbo."

"Saba mara nane ngapi, mama?" aliuliza fundi, macho yapo kwenye mkasi.

"Wewe usinijaribu, mimi nimekuzaa."

Kidoti, mtoto wao, alicheka mpaka akajiegemeza kwenye sponji. Alikuwa na miaka kumi, na baka dogo jeusi shavuni ndilo lililompa jina. Alivaa kofia moja, akaivua, akavaa nyingine. Ile ya nne hakuigusa, na mama yake aliliona hilo.

Mchezo wa treni ulikuwa na kanuni mbili. Ya kwanza: ukimaliza tarakimu yako usigeuke nyuma, utapoteza muda, nyoosha mkono tu, mwenzio yupo. Ya pili ndiyo iliyokuwa roho ya mchezo wenyewe: kila hesabu ikiisha, wote wanahama nafasi moja. Aliyezidisha mamoja leo ataweka sifuri kesho, na aliyeweka sifuri atakuja kujumlisha. Hivyo mtoto angepita hatua zote sita mwenyewe, kidogo kidogo, mpaka siku moja ajikute anaijua hesabu nzima bila kujua ilimwingia saa ngapi. Mwalimu aliubuni akiwa anaosha vyombo, na alijivunia mno, ingawa hakumwambia mtu.

Lakini Kidoti alikuwa mzito. Hakuwa mjinga, alikuwa mtoto wa kulifikiria jambo mpaka alimalize, na treni haina nafasi ya hilo. Wiki iliyopita alifikia behewa la nne: tatu mara saba. Alisimama mbele ya ubao, chaki imeinuliwa, midomo inahesabu. Safu ya pili ikampita. Safu ya tatu ikampita. Alipoandika moja na kubeba mbili, sawasawa kabisa, treni yao ilikuwa ya mwisho, na mtoto mmoja aliyeitwa Kipanga, mwenye akili kuliko wote na mdomo pia kuliko wote, akapiga kelele: "Breki! Tumepewa breki!"

Jina likashika. Mpaka saa ya kutoka, hata wale wa darasa la pili walikuwa wanajua nani ni Breki.

Jioni hiyo ya kofia, wakati mama yake akimsuka nywele, Kidoti aliuliza polepole, "Mama, siku ya treni naweza kuumwa?"

 Mwalimu aliumalizia ule msuko, akaanza mwingine. Ilimuuma kuliko ule mlango ulioachwa wazi, kuliko chai. Ameubuni mchezo ili watoto wasiogope hesabu, na wa kwake ndiye anayeomba augue.

"Kesho utakuwa behewa la tatu," alisema mwishoni. "La sifuri."

"Sifuri tu?"

"Sifuri tu. Unaacha mstari wa kwanza wa wenzio, unashuka chini yake, unaiweka upande wa mamoja. Huwezi kukosea."

"Na tukihama?"

"Hatutahama."

Mama mkwe aliinua macho kutoka kwenye ungo. "Mchelea mwana kulia, mkwe wangu," alisema, akaishia hapo. Methali yenyewe hata mtoto huimalizia. Mwalimu alijifanya hakusikia, na kwa kuwa alikuwa amechoka, akafanikiwa.

*

Darasa lilishangilia lilipoambiwa hakuna kuhama. Kila mtoto akakaa na kazi yake kama fundi na randa lake. Wa kwanza alizijua mamoja hata usingizini. Wa sita, Kipanga akiwa mmoja wao, walijumlisha mistari miwili kabla vumbi la chaki halijatua. Kofia zikaanza kuchakaa kwa kupita safu hadi safu, kila namba ikijulikana vichwa vyake. Kidoti aliweka sifuri zake nzuri, za mviringo, mahali pake hasa, na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Breki. Nyumbani alikuwa akiimba. Ule wimbo haukuwa na maneno zaidi ya puuu, lakini fundi alisema ndio wimbo mzuri kuliko nyimbo zote alizosikia tangu kabati limwangukie.

Kelele zilimfikia Kengele tena, ila safari hii alikuja na saa mkononi. Akaipima treni ya dirishani. Akaipima tena, akidhani saa imekosea. Kesho yake akaja na wageni kutoka ofisi ya elimu, mmoja akiwa na kamera. Treni saba zikapita mbele yao moja baada ya nyingine, majibu yote sahihi, honi zikilia mpaka madirisha yakatetema.

"Hii niliianzisha mimi kwa kushirikiana na walimu," Kengele aliwaambia wageni, mkono umewekwa begani kwa mwalimu kana kwamba walizaliwa pamoja. "Si mnajua? Kidole kimoja hakivunji chawa."

Wageni walicheka na kuandika. Wakati wa mapumziko mwalimu aliletewa chai kwenye kikombe chenye kisosi, akaambiwa, "Kaa, mwalimu, kaa." Alikaa. Kiti kilikuwa kigumu kuliko alivyodhani miaka yote ile aliyosimama.

Siku ile ile alimpa mtoto mmoja wa mbele hesabu peke yake, ya kumjaribu tu. Mtoto aliandika tarakimu ya kwanza, akanyoosha mkono nyuma. Mwalimu akacheka. "Endelea." Mtoto naye akacheka, lakini hakuendelea. Kicheko cha mwalimu kikakauka.

Akaenda ofisini.

"Mwalimu mkuu, nataka kurudisha kuhama. Kila mmoja afanye hatua zote. Hivi sasa kila mtu anajua kipande chake tu."

"Wakihama, kasi itapungua?"

"Mwanzoni."

"Mkaguzi haji mwanzoni. Anakuja Jumanne." Kengele aliegemea kiti, akampa lile tabasamu alilowapa wageni. "Mwalimu, mimi nakupigania upate ajira. Nimeshamwambia kuhusu treni. Anataka kuiona treni. Sasa wewe unataka nimwonyeshe watoto wamesimama wanahesabu vidole?"

Angeweza kubisha. Angeweza hata kunyamaza pale, akarudi darasani akafunga mlango na kuwahamisha kimyakimya. Lakini aliiona sura ya Kidoti mbele ya tatu mara saba, midomo ikihesabu. Akaiona na chai ikimsubiri mezani yenye kisosi chake. Akasema, "Sawa, mwalimu mkuu," na tangu hapo alilala vibaya.

*

Mkaguzi alikuwa mama wa makamo, viatu bapa, mkoba mzito, sauti ya mtu aliyekwisha kusikia hotuba za kutosha. Alikaa nyuma ya darasa kwenye dawati la mtoto, magoti yakigusa ubao wa chini, akakataa kiti alicholetewa na Kengele.

Treni zilikwenda vizuri kuliko siku zote. Kila safu kwa zamu ilivaa kofia za boksi; fundi alikuwa amezipaka rangi upya. Honi zilipigwa kwa heshima. Mkaguzi alitabasamu mara mbili, na mwalimu akaanza kupumua.

"Nzuri sana," alisema mkaguzi. "Wachangamfu. Sasa vueni kofia." Akainuka, akaenda ubaoni mwenyewe, akaandika hamsini na nane mara thelathini na nne. "Naomba mtoto mmoja. Peke yake."

Mtoto wa dawati la mbele alikimbia kwa furaha. Nne mara nane; akaandika mbili, akabeba tatu, akanyoosha mkono nyuma.

Hapakuwa na mtu. Mkono ulibaki hivyo, chaki imeelekezwa kwa darasa, mpaka mtoto akageuka, akashangaa kuona wenzake wamekaa.

"Endelea," alisema mkaguzi.

"Mimi nimemaliza, mwalimu."

Kengele alikohoa. "Huyu ana haya kidogo. Muite Kipanga."

Kipanga alikuja akitembea kifua mbele. Mkaguzi alifuta ile mbili, akamwachia hesabu tupu. Kipanga akaitazama. Akatazama chini ya mstari, pale ambapo siku zote alikuta mistari miwili ikimsubiri. Jasho likamtoka puani.

"Haijaandikwa," alisema.

"Nini hakijaandikwa?"

"Mistari yangu. Mimi najumlisha. Mistari haipo."

Kimya cha darasa kilikuwa cha namna ambayo mwalimu hakuwahi kukisikia, cha watoto wenye akili wanaogundua kwa pamoja kwamba hawajui. Uso wake ulimsaliti. Alijaribu kuukusanya ukakataa. Na kule dawati la tatu, mtoto mmoja alikuwa hatazami ubao. Alikuwa anautazama uso huo.

Kidoti akanyoosha mkono.

Muhula mzima hakuwahi kunyoosha. Mama yake alitikisa kichwa, kidogo sana, lakini mkaguzi alikwisha kumwona. "Wewe, mwenye baka. Njoo." Mwalimu gani atamzuia mtoto aliyejitolea, mbele ya mkaguzi?

Kidoti alipita kati ya madawati. Alichukua chaki kwa Kipanga, ambaye aliitoa haraka kama mtu anayelipa faini. Alisimama, akapima kwa jicho. Akaacha nafasi ya mstari wa kwanza, ya wenzake. Akashuka chini yake, upande wa mamoja, akachora sifuri. Ilikuwa ya mviringo, safi, imekaa palepale inapotakiwa kukaa. Akamkabidhi mkaguzi chaki, akamtazama mama yake, akatabasamu.

Na darasa, kwa kuwa behewa limefanya kazi yake bila kosa, kwa kuwa hivyo ndivyo walivyofundishwa, likapiga honi: "Puuu!"

*

Ofisini mkaguzi hakupandisha sauti. Ingekuwa nafuu kama angepandisha.

"Watoto wanakupenda, mwalimu. Hilo sijalikosa. Lakini nimekuta kila safu ina mwanafunzi mmoja, na umemkata vipande sita."

"Mimi nilimwonya," alisema Kengele. "Siku ya kwanza kabisa nilimuuliza, hapa ni shule au stesheni? Watoto ni mashahidi."

"Mwalimu mkuu, nilidhani uliianzisha wewe."

"Wazo la ushirikiano, ndiyo. Kama wasemavyo, kidole kimoja..."

"Kwenye mtihani," mkaguzi alimkatiza, akifunga mkoba wake, "kila mtoto na chawa wake."

Mwalimu alitaka kusema juu ya kuhama. Kwamba kanuni ilikuwepo, kwamba aliivunja, kwamba aliivunja kwa ajili ya mtoto mmoja mwenye baka shavuni.  Lakini ukisema hivyo unamtaja mtoto, na mtoto ameshatajwa vya kutosha. Akasema tu, "Ni kosa langu," na mkaguzi akalikubali bila ubishi, akaenda.

Kengele alisubiri mpaka hatua za viatu bapa ziishe kwenye korido. "Muhula ujao usijisumbue kuja kusaini," alisema. "Na zile kofia zako ondoa. Zinakusanya vumbi." Kikombe kilikuwa bado mezani na kisosi chake. Kabla hajatoka, mhudumu wa ofisi, akiangalia pembeni kwa aibu, alikiondoa.

*

Walifika nyumbani jua bado lipo. Kidoti alitangulia mbio, kofia zote sita kichwani, moja juu ya nyingine.

"Baba! Kipanga amekwama! Wote wamekwama! Mimi sikukwama!"

Fundi alicheka, akatazama mlangoni, akamwona mkewe na boksi la vitu vyake vya darasani alilolikumbatia. Kicheko kikamwisha. Mwanamke akatikisa kichwa. Hakuna kilichohitaji kuongezwa; fundi aliuweka mkasi chini, kwa uangalifu wa mtu asiyejua atafanya nini na mikono yake.

Mama mkwe alisogeza kigoda kwa mguu. "Kaa kwanza, mwanangu," alisema. Miaka yote alimwita mkwe. Methali yake alikuwa nayo, imekamilika sasa, na mwalimu aliisubiri. Lakini bibi yule aliinama juu ya ungo akaendelea kuchambua mboga zilizokwisha kuchambuliwa.

"Mama," Kidoti alikuja akaegemea goti lake. "Nilikusaidia, si ndiyo? Mimi sikukosea."

"Hukukosea."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo, mwanangu. Aliyekosea ni mimi."

Kidoti hakuelewa, akacheka. Mwalimu alisimama. Ukutani palikuwa na ubao mdogo, kipande cha mbao kilichopakwa rangi nyeusi na fundi, wakati mchezo ulipoanza. Akaandika hamsini na nane mara thelathini na nne. Akampa mtoto chaki.

"Fanya."

"Nani anaanza?"

"Wewe."

"Wa pili?"

"Wewe."

"Na wa nne?" Sauti ilipungua kidogo.

"Wewe, Kidoti. Yote ni yako. Polepole, unavyotaka mwenyewe. Hakuna anayekukimbiza."

"Sasa hiyo ni treni gani, mama? Ya behewa moja?" Alimtazama baba yake aone kama ni utani. Hakuna aliyecheka. Akageukia ubao, akavuta pumzi kama mkubwa, akapima nafasi kwa jicho. Fundi alisimama licha ya mgongo. Hata ungo ulinyamaza.

Mtoto aliacha mstari wa kwanza. Akashuka chini yake, upande wa mamoja, akachora sifuri, nzuri, ya mviringo. Kisha, bila kugeuka, kama alivyofundishwa na mama yake, akanyoosha mkono nyuma na chaki ndani yake, akangoja mwenzake aipokee.